Dakika Kumi za Harusi

Kanisa lilifungwa mwezi wa Machi, na kwa miezi minne Naftaly alilala kitandani akingoja lifunguliwe ili apate kuoa. Mzee wa miaka sitini na miwili, mwenye watoto watatu na mke aliyeishi naye tangu mwaka wa themanini na nne, eti anangoja kuoa! Chekeni basi, maana wengi huku Kibirichia walicheka. Yeye hakuwa na nafasi ya kucheka. Alikuwa na saratani ya koo, na ilipofika Julai hata uji wa wimbi ulikuwa umeanza kukataa kupita.

Kanisa lake lina sheria, na hiyo sheria haijui mtu. Ukioa kwa mila, ukatoa mahari, ukazaa, ukasomesha, bado kwa kitabu cha kanisa wewe unakaa tu na mwanamke. Meza ya Bwana hukaribii. Ukifa, mchungaji haji kukuzika. Jirani yao Njuki alizikwa hivyo mwaka uliotangulia. Wanawe walishusha jeneza wenyewe, mtu mmoja akaanzisha wimbo, akasahau maneno katikati, na watu wakabaki wakitazama viatu vyao. Naftaly alikuwepo siku hiyo, na tangu hapo aliogopa mazishi yake kuliko alivyoogopa kufa.

Mahari ilikuwa imekamilika Februari, baada ya miaka mingi ya kwenda na kurudi kwa kina Celina, mkewe. Harusi ikapangwa Aprili. Halafu ugonjwa ukaingia nchini na serikali ikafunga kila kitu.

Kila asubuhi Celina alimweka mumewe mito mgongoni, akawasha redio. Redio ilikuwa imejaa wataalamu. Mwenye baa alipiga simu akasema baa zifunguliwe kwa sababu watu wanakufa na mawazo. Mwenye hoteli akasema korona haipendi chakula moto. Wachungaji wakasema Mungu hafungiwi na kufuli, na wengine wakakumbuka kutaja namba ya kutuma sadaka. Mheshimiwa mmoja wa huku kwetu akasema tusikimbilie kufungua, tusikize sayansi. Jioni hiyo hiyo alikuwa sokoni Makutano, amesimama juu ya gari, na umati wa watu chini yake ukigombania barakoa zenye picha yake.

"Wanasema nini?" Naftaly aliuliza siku moja. Sauti ilikuwa imebaki mnong'ono.

"Wanasema watafungua kanisa. Watu mia moja, saa moja tu."

"Jumapili ya kwanza ni yetu, mama Koome."

"Ni yetu."

"Sitaki kuzikwa kama Njuki."

"Nimesikia, baba Koome. Kunywa kidogo." Akamshikia kikombe, na robo saa nzima ikaisha kwa vijiko vitatu.

*

Kanisa likaunda kamati ya kufungua kanisa. Walikuwa watu tisa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Hezekiah, karani mstaafu wa elimu, mtu ambaye hajawahi kukutana na fomu asiyoipenda. Katibu alikuwa Karwirwa, mwalimu wa shule ya msingi. Mwanachama mzito alikuwa Bundi, mnunuzi wa viazi. Mchungaji Ireri, kijana wa kutoka Embu aliyekuwa ameletwa mwaka huo, aliketi pembeni. Alikuwa na moyo mzuri, lakini aliwaogopa wazee wake kuliko shetani.

"Serikali imesema mia moja," Hezekiah alianza. "Sisi tuko mia nne na kitu. Tunachagua aje?"

"Wanaofika wa kwanza," Karwirwa akasema.

"Wa kwanza ni wale wanakaa hapa karibu. Hao hata sadaka hawatoi!"

"Mimi si kwa ubaya," Bundi akasema, "lakini hiyo bunduki ya kupima joto nimenunua na pesa yangu. Mtu amenunua bunduki hawezi kupanga laini na watu wamekuja na mikono mitupu."

Wakakubaliana, baada ya mabishano ya nusu saa, kwamba walionunua vitu vya kufungulia kanisa wawe na viti vya mbele. Wakabishana tena ni nani atakayeshika hiyo bunduki, maana kila mmoja alitaka kuonekana mlangoni akiwaelekezea wenzake kwenye paji la uso. Hakuna aliyetaja wagonjwa, wala waliokuwa wakingoja ubatizo, wala waliofiwa bila ibada. Celina alisikia yote. Alikuwa ameketi nje kwenye nyasi tangu saa nane, akingoja kuitwa.

Walimwita saa kumi na nusu.

"Wazee, mnajua hali ya mzee wangu," alisema akiwa amesimama mlangoni, maana hakuna aliyempa kiti. "Harusi yetu ilikuwa imetangazwa. Naomba hata kesho, siku ya kazi. Tuje watu wanne tu, mchungaji atuombee, twende."

"Kibali chetu ni cha Jumapili, saa tatu mpaka saa nne," Hezekiah akamjibu. "Tukifungua mlango siku nyingine, chifu anafunga yote."

"Basi mchungaji aje nyumbani."

"Harusi ya nyumbani si ya kanisa, mama. Kuna madhabahu, kuna kitabu."

Mchungaji Ireri alikohoa. "Mwenyekiti, si tuwaweke ndani ya ibada ya kwanza? Hata dakika kumi?"

Hezekiah alifungua daftari, akalitazama kana kwamba hizo dakika kumi zingetoka mfukoni mwake. "Dakika kumi. Isipite. Na mje na vitambulisho, wanaoruhusiwa kuingia ni kuanzia miaka kumi na mitatu mpaka hamsini na minane. Asante ya kutuelewa."

Celina aliwashukuru wote tisa, mmoja mmoja, hata wale ambao hawakuwa wamefungua mdomo. Akashuka mbio nyumbani kumwambia Naftaly.

*

Hapo kuna jambo la kuelezwa. Celina alizaliwa mwaka wa sitini na sita. Alipofika miaka kumi na sita alitaka kibarua kwenye shamba la ngano huko Timau, na huko hawakuandika mtu asiye na kitambulisho. Mama yake akampeleka kwa chifu. Karani akamtazama urefu wake, akaandika 1961, mambo yakaisha. Naftaly alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba hilo hilo. Vitambulisho vipya vilipokuja miaka ya tisini, alijipunguzia miaka mitano ili asistaafishwe mapema, akaandikwa 1963. Na nani huku hakufanya hivyo? Ukivikusanya vitambulisho vya wazee wa Buuri nzima, utapata watoto waliowatangulia baba zao kuzaliwa.

Jumapili ya ibada hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Koome, kifungua mimba wao anayeuza simu Makutano, alimleta baba yake kwa gari la rafiki, akamshusha akiwa amemshika kwapani. Naftaly alivaa suti ya kijivu iliyokuwa imemkaa vizuri Februari, na sasa mabega yake yalikuwa yamepotelea ndani. Celina alivaa gauni la rangi ya maziwa na viatu vyeupe vya kuazima. Watu waliokosa nafasi katika wale mia moja walikuwa wamejaa nje ya ua, wamebanana begani kwa bega, wakitazama jinsi wenzao wanavyokaa umbali wa mita moja na nusu.

Mlangoni kulikuwa na meza, na mezani alikuwa Hezekiah. Bunduki aliishika yeye.

"Naftaly, sitini na tatu. Uko hamsini na saba. Pita, bwana harusi." Akachukua kitambulisho cha pili. Akakisogeza mbali, akakirudisha karibu. "Mama Koome. Hii inasema sitini na moja."

"Mzee, hiyo waliandika tu."

"Uko hamsini na tisa. Mwisho ni hamsini na minane."

"Mzee Hezekiah! Mimi nilikuwa darasa moja na dada yako mdogo. Wewe ndiye ulikuwa unatuletea uji shuleni. Unajua umri wangu kama vile unajua wa dada yako!"

"Najua, lakini najua kama Hezekiah. Hapa nimekaa kama serikali."

"Na wewe kama serikali uko na miaka mingapi?" Koome aliuliza. Kila mtu kwenye laini alijua ni sitini na sita.

"Mimi ni mtoa huduma," Hezekiah alisema bila kupepesa jicho. "Watoa huduma hawahesabiwi."

"Hii ni ufala! Buda anaingia kuoa, halafu mathe anabaki nje? Sasa anaoa nani huko ndani? Anakuoa wewe?"

Laini ilicheka, na Hezekiah akakasirika kweli kweli. Alisema kanisa likifungwa tena itakuwa kwa sababu ya familia moja, na hiyo familia kila mtu ataijua. Hapo kicheko kilikatika. Waliokuwa wakicheka wakaanza kumwambia Celina aelewe, asikawishe watu, mvua inarudi.

Mchungaji Ireri alitoka na kanzu yake, akasikiliza, akamtazama Hezekiah, akatazama chini. "Mama," alisema polepole, "kuna lile dirisha la upande wa madhabahu. Ukisimama pale nje, mimi nitakuona. Nikifika sehemu yenu nitasogea."

Celina alihisi aibu ikimpanda usoni. Bibi harusi wa dirishani, mbele ya watu wote aliokua nao! Naftaly alimvuta mkono, akamnong'oneza, naye akainama asikie.

"Anasema nini?" Koome akauliza.

"Anasema twende nyumbani." Celina akamnyoosha mumewe kola. "Hatuendi nyumbani. Ingia, baba Koome. Mimi niko dirishani."

Chini ya dirisha palikuwa na matope matupu. Koome alileta kreti ya soda kutoka dukani, mama yake akapanda juu yake, akashika nondo za dirisha.

Ndani waliimba ubeti mmoja tu, kuokoa muda. Kisha Karwirwa akasoma masharti ya wizara, yale yaliyobandikwa mlangoni na ukutani na kwenye tangi la maji. Kisha Bundi akaitwa ashukuriwe kwa ajili ya bunduki, akaombwa asalimie kanisa. Akalisalimia kwa dakika nane, akieleza alivyoipata na duka gani walitaka kumuuzia feki.

Alipoketi, mlango ulifunguka kwa kishindo, akaingia yule mheshimiwa wa redioni na watu wake sita. Alikuwa ameadhimisha miaka sitini mwaka jana kwa kuchinja fahali, na nyama tulikula sote. Hezekiah hakumwomba kitambulisho. Alimfungulia mlango na kuwainua watu sita wa mabenchi ya mbele, wakaenda kusimama nje. Naftaly, aliyewekwa mbele kama bwana harusi, alibaki mwisho wa benchi lake kwa sababu hakuweza kuinuka haraka.

"Wapendwa," mheshimiwa alisema akivuta barakoa chini ya kidevu, "mnajua ni nani alipigania haya makanisa yafunguliwe? Nilisema kutoka siku ya kwanza: fungueni!"

Walimpigia makofi. Watu wazima, waliokuwa na redio nyumbani kwao, walimpigia makofi. Aliongea kwa dakika ishirini. Celina alikuwa akihama mguu mmoja hadi mwingine juu ya kreti, na kila mara alimwona Naftaly akigeuka kumtafuta.

Mahubiri yalikuwa ya dakika saba, sadaka ya nane. Ilipobaki dakika tano kufika saa nne, Mchungaji Ireri alimtazama Naftaly, kisha Hezekiah. Hezekiah akagonga saa yake kwa kidole.

"Wapendwa, muda umetubana," mchungaji akasema, akitazama sakafu. "Harusi ya mzee wetu itakuwa Jumapili ijayo, Bwana akipenda."

"Mchungaji!" Celina akapaza sauti kutoka nje. "Dakika tano zinatosha! Tumekaa pamoja miaka thelathini na sita, hatuna maneno mengi!"

Watu wakacheka tena. Walicheka vizuri, kwa upendo hata, na hakuna aliyeinuka kusema afungishwe. Ndipo Naftaly akashika benchi, akasimama. Hakumtazama mchungaji. Alitazama dirisha.

"Nakubali," alisema. Waliokuwa karibu walisikia, na Celina alisoma midomo.

"Na mimi nimekubali!" akajibu, na nondo zikimkata viganja. "Nimekubali, baba Koome!"

 Karwirwa alishika kinywa chake juu ya barakoa. Mchungaji Ireri alipiga hatua moja kuelekea dirishani, na angepiga ya pili, lakini Hezekiah alikuwa amekwisha kusimama.

"Hiyo haiandikwi," Hezekiah alisema. "Tutoke kwa laini, kuanzia nyuma."

*

Jumapili ijayo haikumngoja Naftaly. Alikufa Alhamisi alasiri, mkono wake ukiwa kwenye paja la Celina, redio ikibishana juu ya saa za kufunga baa.

Mchungaji Ireri alipiga simu Ijumaa. "Mama, mimi mwenyewe ningekuja. Mungu ni shahidi. Lakini kamati imeangalia kitabu…"

"Ulimsikia akisema nakubali?"

 "Nilimsikia."

"Basi umesikia wewe na hukuandika," Celina alisema, "na mimi sina la kukuambia." Akakata simu, kisha akalia kwa mara ya kwanza tangu kifo, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Walimzika Jumanne, chini ya shamba la viazi. Koome alisoma Biblia kwa Kiswahili cha kujikwaakwaa, akaifunga kabla ya mwisho kwa sababu sauti ilimpotea. Wanawake wa kanisa walikuja bila vitambaa vyao vya kichwa vya chama, maana katika mazishi ya namna hiyo hairuhusiwi kuvaa sare. Karwirwa, katibu wa kamati, ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alijua maneno yote, na mtu asidhani ni jambo dogo. Jeneza lilishuka watu wakiimba mpaka mwisho.

Udongo ulipokuwa umekwisha kurudishwa na watu wamepewa chai, Hezekiah alifika. Alikuja na mkoba wake wa ngozi na kichupa cha sanitaiza. Alimpa Celina pole, akaketi kwenye kiti alicholetewa, akasubiri kikombe, akanywa. Kisha akashusha sauti kwa heshima.

"Mama Koome, Mungu hufunga hapa akafungua pale. Nimekuja na habari njema. Kwanza, miaka imepandishwa. Sasa ni mpaka sitini na mitano, kwa hivyo Jumapili unaingia bila shida. Pili, kamati ilikaa jana juu yako. Tuliona ya kwamba kile kitu kilikuwa kinakuzuia meza ya Bwana hakiko tena."

Celina hakuelewa mara moja. "Kitu gani?"

"Yale maisha ya bila ndoa. Sasa uko peke yako. Uko huru, mama. Unaweza kurudi mezani hata mwezi huu. Ni kuweka sahihi tu."

Akatoa fomu. Ilikuwa imejazwa kwa mwandiko wake mzuri wa ukarani, jina, kijiji, namba ya kitambulisho, na mwaka 1961. Celina aliipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, kidole bado kina udongo kwenye ukucha. Kwenye hali ya ndoa Hezekiah alikuwa ameandika: *Hajaolewa*.

"Nipe kalamu," Celina akasema.

Hezekiah alimpa kwa furaha. Celina aliweka fomu juu ya goti, akalikata hilo neno mara mbili, karibu karatasi ipasuke. Juu yake akaandika, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, *MJANE*. Akamrudishia.

"Ai, mama!" Hezekiah aliishika fomu kwa ncha za vidole. "Huwezi kuwa mjane na hukuolewa. Na hata hivyo, fomu imekatwakatwa haipokelewi."

"Haipokelewi?"

"Haipokelewi. Nitakuletea ingine safi."

"Usilete ingine," Celina akasema. "Ukikosea tena, nitaikata tena. Mimi nimetoka kumzika mume wangu saa hii, Hezekiah, na kama Mungu wenu hajui hivyo, mwambie aje aulize hawa."

Akamwonyesha kwa mkono watu waliojaa uwanjani. Hezekiah aligeuka akawatazama. Walikuwa wamepita mia moja, na Karwirwa alikuwa mbele yao, ameshika birika, amesikia yote. Hakuna aliyemsogezea mwenyekiti nafasi ya kupita. Alilazimika kuomba njia, mmoja mmoja, hadi barabarani.